Kufunga

Kitanda nimekiuza Jumanne, dola arobaini,
kwa kijana aliyekuja na mamaye na kamba.
Wakakishusha ngazini wakicheka, miguu juu,
kama mbuzi anayepelekwa machinjoni.
Tangu hapo nalala juu ya makoti mawili,
na sakafu ya Fargo mwezi wa Machi hainyamazi:
huuliza kila mfupa jina lake.

Nafunga.
Sahani kwa magazeti ya bure,
nguo kwa mifuko myeusi ya taka,
maana boksi jipya ni dola tatu
na boksi la bure, lile la duka la pombe,
lina vyumba kumi na viwili vya chupa.
Kila chumba nimekipa mpangaji:
soksi, chaja, chumvi, cheti cha kuzaliwa,
kikombe cha bibi Solveig kilichovunjika mkono.

Nafunga mkanda pia.
Wiki ya tatu sasa, mayai na mkate wa jana
tunaoruhusiwa kuchukua saa kumi alfajiri
oveni zikizimwa. Mmoja kila mtu.
Annelise, msimamizi, hugeukia ukuta
ninapotia wa pili mkobani.
Dola kumi na nne na nusu kwa saa.
Saa hiyo nimeikata vipande kama unga wa maandazi:
hiki cha kodi, hiki cha petroli,
hiki cha simu, na makombo, basi, ndiyo akiba.
Haba na haba, wanasema. Kibaba changu kina tundu,
na tundu lina majina: gia. Tairi. Jino la kushoto.

Tacoma ni maili elfu moja na mia nne na ushei.
Mimi nazihesabu kwa matangi:
manne, upepo wa Montana ukiwa na huruma,
matano ukikosa.
Usiku mmoja nitalala garini, karibu na Butte,
chini ya taa ya kituo cha malori, milango nimeikomea.
Huko mwisho kuna karakana ya meli
itakayonifundisha kuunga chuma na chuma kwa moto.
Barua yao naijua hata nukta zake:
uripoti Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi,
uje na viatu vyako.
Viatu hivyo ni dola mia na ishirini.
Hilo barua haisemi.

Leo nimepiga magoti, nasugua zulia
kwa magadi na siki, doa la kahawa
nililolikuta siku niliyohamia.
Nasugua kwa ajili ya amana, dola mia sita.
Bwana Kowalczyk ana macho kwenye vidole:
kaja, kapapasa, kaguna, kanipa fomu.
“Andika anwani mpya, nikutumie hundi.”
Kalamu ikasimama.
Niendako nina sofa ya Tressa, wiki mbili,
na sofa si anwani.
Nikaandika ya baba.

Baba hajasema nenda. Hajasema kaa.
Jana alikuja, akafungua boneti yangu,
akachungulia muda mrefu
kuliko injini inavyohitaji kuchunguliwa,
akaniachia nyaya za kuazimana chaji,
nyekundu na nyeusi, zimeviringwa,
zimefungwa kwa kamba ya kiatu.
“Usizifungue,” akasema, “ila ikikubidi.”
Fundo lile nalijua. Ndilo alilonifunza
nina miaka mitano, theluji mlangoni,
basi la shule likipiga honi, naye akisema
tena. Mara moja tena.

Nafunga dirisha. Nafunga bomba linalovuja,
nalo linavuja vilevile.
Safari, kumbe, hufungwa kwanza ndipo itembee.
Mkate uko kiti cha mbele, ndani ya taulo.
Sitaugusa kabla ya mpaka wa jimbo.

Funguo nimeziacha juu ya meza,
nilitaka kumwandikia bwana Kowalczyk.
Meza niliiuza.
Nimeziacha sakafuni,
pale kilipokuwa kichwa changu.